Chupa ya Tatu Ilitoa Povu

Inspekta Hafidha alipofungua mlango wa mahabusu Alhamisi asubuhi, alimkuta Konstebo Gozbert amekaa juu ya mapaja ya mtuhumiwa.

Si kando yake, juu yake. Mtu mzima na sare yake, buti zinaning'inia, kofia ameishika mkononi kwa adabu kama aliyeitwa kupigwa picha ya ukoo. Chini yake mzee Mutembei, mlinzi wa Hoteli Omugenyi, alikuwa amefumba macho na kukaza meno, jasho linamtiririka.

"Gozbert," Hafidha alisema taratibu, "nitafutie neno la kuandika kwenye ripoti. Mimi nimelikosa."

Konstebo alitaka kuruka, lakini mzee akamng'ang'ania kiunoni. "Mwache kidogo, waitu. Niko katikati ya Salamu Maria. Nikimaliza atashuka."

Ikabidi Inspekta asubiri. Hafidha alikuwa Mwislamu wa mjini. Babu yake ndiye aliyetoka pwani na mzigo wa vitambaa, akaonja senene wa Bukoba, wale panzi wa kukaanga, akasahau kurudi. Mjukuu amezaliwa hapa, amekulia hapa, na alijua kuwa mzee wa Kihaya akishaanza sala hata serikali inasimama foleni.

"Jumamosi namtoa binti yangu, Annastella," Mutembei alisema alipomaliza. "Kabla hajatoka nyumbani anakaa mapajani kwangu, nambariki mbele ya watu. Sasa tangu Jumatatu nalala kwenye sementi, magoti yamekuwa ya mti. Nikimwangusha mbele ya wakwe, afande, hilo litasimuliwa hadi kwa vitukuu."

"Mimi ni mzito kuliko bi harusi," Gozbert aliongeza, akijipangusa suruali. "Tumesema akiniweza mimi, yule atakuwa unyoya."

Hafidha alitaka kucheka, aibu ikamzuia. Mkuu wa upelelezi alishaamua: kesho Ijumaa asubuhi jalada linakwenda mahakamani. Mtu akishasomewa shtaka la kuiba kifaa chenye mionzi, dhamana ya siku hiyo hiyo asahau, na Jumamosi binti angebarikiwa na kiti kitupu. Kwa moyo wake wote Hafidha hakuamini kuwa mzee huyu ni mwizi. Tatizo ni kwamba moyo wa inspekta haupokelewi mahakamani kama kielelezo.

Mambo yenyewe yalianzia kwenye kibao. Mwenye Hoteli Omugenyi alikuwa amenunua ng'ambo kibao cha kijani cha kuonyesha mlango wa dharura, akakitundika ghorofani. Kilikuwa kinawaka usiku na mchana bila waya, bila betri, umeme uwepo usiwepo. Wageni walikuwa wakipanda ngazi kwenda kukishangaa. Jumamosi iliyopita kikatoweka. Jumatatu fremu yake na vipande vya vioo vikakutwa chini ya kitanda cha Mutembei, kwenye kibanda chake cha getini. Polisi wengi kesi ingewaishia hapo. Hafidha ilimwanzia hapo, kwa sababu kitanda chenyewe kilikuwa kifupi kuliko mzee, kibanda hakina mlango wa kufunga, na mwizi anayeficha mali getini mwa aliyemwibia ni mjinga kupita kiasi. Mutembei alikuwa na mengi, lakini ujinga haukuwemo.

Zaidi ya mzee, wapo wengine wawili waliojulikana kukizungukia kile kibao. Wa kwanza ni Muharami, mfanyabiashara wa senene, ambaye mtego wake wa mabati na mapipa, unaowavuta kwa taa usiku, ulisimama nyuma ya ukuta wa hoteli. Alikuwa amesikika akisema taa ile ikiwa yake angekuwa tajiri. Wa pili ni Alexander, fundi umeme wa hoteli, kijana wa Buganguzi kule Muleba, ambaye ndiye aliyekitundika.

Jumatatu hiyo hiyo alikuwa ameshuka na ndege Elieth, mtaalamu wa mionzi, mwanamke mwembamba asiyependa kurudia maneno. Aliwakusanya wote watatu kwenye ukumbi wa hoteli akawaeleza walichokuwa wanacheza nacho.

"Ndani ya mirija hii ya kioo," alisema, "kulikuwa na gesi inayoitwa tritiamu. Ni ndugu wa haidrojeni, ila yeye mzito kidogo na ana mionzi. Mionzi yenyewe dhaifu, hata ngozi inaizuia. Ikigonga unga uliopakwa ndani ya kioo, unga unang'aa. Ndiyo siri yote. Mrija ukivunjika, gesi inatoka na kupaa kwa sababu ni nyepesi kuliko hewa. Hata ukiivuta, karibu yote unaitoa ukipumua."

Hapo jenereta ya hoteli ikakohoa na kuzima, na meneja akamwita Alexander. Hafidha alikumbuka baadaye kuwa kijana aliondoka uso umemnawiri kama aliyetoka kuungama.

"Lakini," Elieth aliendelea kwa waliobaki, "gesi hiyo haibaki gesi milele. Hewani inaungana na oksijeni, inakuwa maji. Yana mionzi, lakini ni maji kabisa, kwa sura na kwa tabia. Mahali pa wazi inageuka polepole mno, upepo unaitawanya kabla haijafika popote. Ifungie ndani penye moto, na kila kinachopita kwenye mwali kinageuka papo hapo. Udongo mbichi nao una vijidudu vinavyofanya kazi hiyo haraka. Halafu mvuke wake unaingia kwenye kila chenye majimaji: mtungi, sufuria, nguo mbichi, mtu. Mwili hauwezi kuyatofautisha na maji mengine. Hayo ndiyo ya kuogopa kuliko gesi, na hayo ndiyo yatakayoonekana kwenye mkojo."

"Na mtu akinywa maji mengi?" Muharami aliuliza.

"Yanatoka upesi zaidi."

Muharami aliyashika hayo. Usiku huo, kwa maelezo ya mkewe Shamsa, alikunywa maji mpaka akawa anatembea na sauti.

Elieth alitaka mkojo wa kwanza wa asubuhi. Mutembei alitoa wake mahabusu, Gozbert amesimama mlangoni. Wale wawili wakapewa chupa waende nazo nyumbani, wazirudishe Jumanne, Elieth apande nazo ndege kwenda maabara. Hilo la kwenda nazo nyumbani lilikuwa kosa, na kosa lilikuwa la Hafidha. Alilijua tangu dakika ile, lakini hakuwa na amri ya kuwalaza watu kituoni kwa ajili ya haja ndogo.

Alhamisi hiyo, Gozbert akiwa bado anajipangusa, Elieth aliingia kituoni moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, na begi lake halijashuka begani.

"Mutembei, hakuna kitu," alisema akivaa glavu. "Mtungi wa maji uliokuwa wazi kibandani kwake, hakuna kitu. Muharami, hakuna kitu, ila maabara waliniuliza kama nimewaletea maji ya bomba."

"Basi mzee ametakata!" Gozbert alisema.

"Hajatakata," Hafidha alijibu kabla ya Elieth. "Dirisha la kibanda halina kioo, na upepo wa ziwa unaingia na kutoka bila hodi. Mkuu atasema gesi ilipaa kabla haijawa maji. Na atakuwa na haki ya kusema. Hatuhitaji mahali ambapo haikuvunjwa, tunahitaji mahali ilipovunjwa."

Elieth alimtazama kwa namna ya mtu anayemwona mwanafunzi kwa mara ya kwanza. Kisha akatoa chupa ya tatu, ile ya Alexander, akaiweka mezani.

"Nani aliipokea hii?"

"Mimi, afande," Gozbert alisema.

"Ilikuwaje?"

Konstebo alifikiri. "Ilikuwa na povu. Na kifuniko kilikuwa kimevimba, kilifyatuka kwenye boksi. Nilimhurumia kijana, nikasema ini hilo."

"Hukunusa?"

"Nilikuwa na mafua, afande. Na pia," alimalizia kwa heshima, "mkojo wa mtu mwingine hainijii akilini kuunusa."

Elieth alivua glavu moja na kukaa. "Kijana wa maabara alipofungua aliniuliza kama Bukoba kuna sherehe. Si mkojo, Inspekta. Ni rubisi. Pombe ya ndizi, na ya mtu anayejua kupika."

Gozbert alijishika kifua. Katika maisha yake yote, rubisi ilikuwa haijawahi kumpita bila kumtambua.

"Kwa hiyo ametudanganya na ametupotezea siku mbili," Hafidha alisema kwa hasira. "Mkojo wake halisi ameshaumwaga."

"Subiri. Kijana akaipima hivyo hivyo, kwa sababu nimewafundisha wasitupe kitu bila kukipima." Elieth alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke Kagera. "Rubisi hiyo ina tritiamu. Nyingi kiasi kwamba haikuingia kwa bahati mbaya ya kupita njia."

Hafidha alisimama akaenda dirishani, akawa anasema na kioo.

"Alisikia nusu ya kwanza. Gesi inapaa, haibaki. Akaogopa mwili wake, kwa sababu tunautaka mkojo, lakini hakuiogopa pombe. Pombe itapata wapi mionzi? Akachota." Aligeuka. "Elieth, pombe inaingiwaje na hayo maji?"

"Iwe wazi, ndani ya chumba kilichofungwa, hewa haitoki. Na moto uwepo, au udongo mbichi."

"Gozbert. Kwao kijana, rubisi inapikwa wapi?"

Konstebo alikuwa ameshachukua funguo za gari.

Kutoka Bukoba hadi Muleba mvua ya Novemba iliwasindikiza. Gozbert aliendesha huku akieleza, kwa uchungu, namna ndizi zinavyoivishwa juu ya moshi, zinavyokanyagwa na nyasi ndani ya obwato, ule mtumbwi wa mti usiowahi kuona ziwa, mtama unavyokaangwa na kutiwa. Hafidha, ambaye hajawahi kuonja hata tone, alisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kumsikiliza kuhusu kazi.

Buganguzi waliingia mchana. Nyumba ya Ma Georgina, mama yake Alexander, ilikuwa katikati ya kibanja chenye migomba mizito na mibuni ya zamani. Wazee wanne walikuwa wamekaa kwenye vigoda chini ya ukingo wa bati, kwa utulivu wa watu wanaojua kuwa hapa kwa kawaida kuna kitu. Upande wa nyuma Hafidha aliona mtego wa senene: mabati yamesimamishwa, mapipa yamepangwa chini, na juu kabisa ndoano ya kutundikia taa. Taa haikuwepo. Hapakuwa na waya wala dalili ya jenereta. Ndoano tu, kama mtu aliyetega samaki bila chambo.

"Kasinge, afande," Ma Georgina aliwapokea, mama mnene mwenye mikono ya kazi. "Karibuni. Mwanangu yupo, amepumzika, tumbo linamsumbua tangu juzi."

Alexander alitoka ndani. Kwa mtu wa kuumwa tumbo, macho yake yalikuwa na afya nzuri. Yalipima umbali wa kila njia ya kibanja. Gozbert akaenda kusimama kwenye ile nzuri zaidi.

"Hatutakuchosha," Hafidha alisema kwa upole. "Maabara imeona ajabu kwenye chupa yako, nataka uthibitishe tu. Hii ni yako?"

"Ni yangu, afande."

"Hukuazima kwa mtu?"

"Nitaazimaje kitu kama hicho?"

"Umeitoa mwenyewe, mwilini mwako, Jumanne asubuhi?"

"Mwenyewe."

Hafidha aliwageukia wazee. "Wazee wangu, shikamooni. Nimekuja na habari njema. Huyu kijana wenu anakojoa rubisi."

Kigoda kimoja kilisogea. Mzee wa kwanza alivua kofia. "Rubisi, rubisi?"

"Maabara imethibitisha. Yenye mtama."

"Waitu!" mzee alisema kwa mshangao. "Na baba yake alikufa akinunua!"

Mwingine akauliza, kwa sauti ya mtu anayepanga mambo ya baadaye, kama kijana ameshapata mchumba.

"Mama," Hafidha alisema, "wewe ndiye mtaalamu. Nusa tu, usionje. Hii ni pombe au si pombe?"

Elieth alishika chupa, akalegeza kifuniko. Ma Georgina aliinama kwa mashaka, akavuta pumzi, na uso wake ukafunguka kwa fahari ambayo Hafidha aliikumbuka kwa siku nyingi, kwa sababu ilimuuma.

"Hii ni yangu!" alisema. "Hii ni ya Jumapili. Unasikia harufu ya mtama ulioungua upande mmoja? Niliukaanga mtoto wa jirani akaniita, nikauacha kidogo, nikasema si neno, nautia hivyo hivyo. Hakuna mwanamke mwingine Buganguzi hii mwenye rubisi ya harufu hiyo wiki hii. Nani amenichotea pombe yangu kwenye chupa ya hospitali?"

Migomba ilidondosha maji. Ma Georgina alimtazama Hafidha, akaitazama chupa, kisha polepole sana akamgeukia mwanawe.

"Alexander," alisema. "Nimesema nini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Alexander ilikuwa imeishia kwenye pua ya mama yake. Kijana alikaa chini kwenye majani makavu.

"Mama," Hafidha aliuliza, sasa bila mzaha, "hiyo Jumapili, chumba cha pombe kilikuwaje?"

"Kimefungwa," Ma Georgina alijibu kwa sauti ndogo. "Obwato nikishaufunika majani nafunga mlango, naziba matundu yote kwa majani ya migomba, moto unakaa usiku kucha maana mvua hizi zina baridi. Haingii mtu mpaka nifungue mwenyewe asubuhi. Mama yangu alinifundisha hivyo. Pombe ikichunguliwa inaona aibu, inaharibika."

"Haingii mtu yeyote?"

"Hata padri hawezi."

"Basi mtu anayetaka kufanya jambo lisionekane na kijiji kizima, angeingia humo."

Elieth alishaingia, ameinama, tochi mkononi. Sakafu ilikuwa ya udongo, mbichi kwa jasho la ndizi za miaka mingi. Jiko la mafiga matatu lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye obwato, na juu yake uchaga wa kuivishia ndizi. Alipangusa kuta na mtumbwi kwa pamba, pamba zikaingia kwenye chupa zake. Kisha akachokoa majivu ukingoni mwa figa, akainua kwa koleo kipande cha kioo chembamba kama sindano, ndani yake kimepakwa unga mweupe.

"Moto, udongo mbichi, mlango umefungwa, na mtumbwi mzima wa majimaji umefunikwa majani tu," alisema. "Hata mimi nikitaka kuigeuza gesi kuwa maji kwa makusudi, sitapata mahali bora kuliko hapa."

Alexander alianza kusema bila kuulizwa. Yalimtoka kama maji ya bomba lililokatika.

"Ilikuwa senene, afande. Muharami anachoma mafuta ya jenereta usiku kucha, na mimi sina jenereta. Nikakiona kile kibao, hakizimiki, hakidai kitu. Nikasema taa ya namna hii ikikaa kwenye mtego, mimi nitalala usingizi na senene watajaa wenyewe. Jumamosi nikakitundika pale."

"Wakaja?"

"Wanne," Alexander alisema. "Na mmoja alikuwa amepotea njia tu, alikaa kidogo akaondoka."

Gozbert aligeuza uso, mabega yanacheza.

"Mwanga wake ni hafifu," Elieth alisema. "Unaonekana gizani, lakini hauangazi."

"Nikaona betri yake imechoka. Jumapili jioni, mama ameenda kwa jirani, nikaingia humo ndani nifungue nitafute betri niweke kubwa. Nikatafuta, hakuna. Nikasema basi itakuwa ndani ya vile vioo. Nikavunja." Alifunika uso. "Ikazimika tu. Haikulia, haikutoa moshi. Jumatatu alfajiri nikaja na mabaki kwenye begi niyatupe mjini, hotelini nikasikia wanasema kibao kilikuwa na atomiki. Niliogopa kufa. Nikaona kitanda cha mzee."

"Kwa nini yeye?"

"Ni mzee, afande. Nilidhani watamgombeza tu, wamwache."

Hapo Hafidha alikasirika kweli, na hakujificha. "Umekuwa ukinywa chai ya nani hapo getini, kila asubuhi ukifika kazini?"

Aliyejibu ni mama yake, kwa pigo la kanga begani mwa mwanawe, mara moja, kisha akakaa naye pale chini na kuanza kulia. Hafidha alimhurumia kuliko alivyopanga. Alimwacha kijana akae na mama yake kidogo kabla ya kumwambia Gozbert alete pingu.

Mzee wa kigoda cha kwanza alikohoa. "Afande. Hiyo pombe ya Jumapili. Sisi tuliinywa."

"Nyote?"

"Tulisaidia kuikamua. Ingekuwa utovu wa adabu kuiacha."

Elieth aliwapa chupa mmoja mmoja, akawaeleza kwa sauti ya upole kuliko ile aliyowapa watu wa mjini. Walichokunywa kilikuwa kimechanganyika na maji mengi, hakikuwa cha kuwalaza kitandani, na kingetoka chenyewe. Kwa kawaida nusu yake hutoka ndani ya wiki moja na nusu hivi. Dawa yake ni kunywa vitu vya majimaji kwa wingi ili kitoke upesi.

"Vya majimaji," mzee alirudia polepole. "Maji tu?"

"Maji, chai, uji, supu."

"Na rubisi? Isiyo ile. Nyingine."

Elieth alimtazama Hafidha, Hafidha akaangalia migomba. "Nayo inamkojoza mtu," mtaalamu alikiri kwa shida, "lakini sikuandikii hiyo."

"Hujaandika," mzee alikubali kwa furaha. "Umetaja." Akawageukia wenzake, na wote wakaafiki kuwa tangu uhuru hajawahi kuja kijijini mtaalamu mwenye maneno ya maana kama huyu.

Walirudi Bukoba jioni, Alexander nyuma ya gari, kipande cha kioo ndani ya kopo la Elieth. Mkuu wa upelelezi aliyasoma maelezo mara mbili. Alipofika kwenye senene wanne alivua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Huyu aliyepotea njia," aliuliza, "naye ni shahidi?"

"Hakupatikana, afande."

Mkuu alisaini. Ijumaa asubuhi lililokwenda mahakamani ni jalada la Alexander, na Mutembei akatoka mahabusu kwa miguu iliyokuwa inakwenda kila mmoja na njia yake. Gozbert alimsindikiza hadi nyumbani Ijuganyondo, na walioshuhudia wanasema walisimama mara kadhaa njiani kufanya mazoezi.

Jumamosi Hafidha alifika Ijuganyondo na kanga mbili za zawadi, akaketishwa mbele na wanawake, soda ikaletwa bila kuuliza. Maneno yalikuwa yameshasambaa mpaka Rwamishenye. Upande wa wakwe walikuwa na ukimya fulani, ule wa watu ambao wiki nzima wamesikia wanaoa kwa mwizi na leo wanaambiwa siyo, na hawajajua wafanye nini na nyuso zao.

Mutembei alikaa kwenye kiti chake, kanzu nyeupe, magoti yamebanwa pamoja. Kibuyu cha rubisi kililetwa. Alikipokea, akakitazama, kisha akamtazama Elieth, aliyekuwa amekaribishwa naye na kukaa karibu na Hafidha.

"Mwalimu," aliuliza mbele ya watu wote, "hii umeipima?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, wakwe wakiwa wa kwanza, na ule ukimya ukaisha hapo hapo. Baba wa bwana harusi alicheka hadi akapigwa mgongoni.

Kisha Annastella akaletwa, amefunikwa, anatembea kwa hatua ndogo. Hafidha alijikuta ameshika chupa yake ya soda kwa nguvu kuliko inavyostahili. Gozbert, aliyesimama pembeni kwenye migomba bila sare, alikuwa amekunja magoti yake mwenyewe, kama anayetaka kumsaidia mzee kwa mbali.

Binti akakaa. Kiti kikalia kidogo. Magoti hayakutikisika.

Mutembei alimshika mabegani na kuanza maneno ya baraka, lakini hayakwenda mbali. Watu wakadhani ni magoti, na mjomba mmoja akapiga hatua ya kusaidia.

"Mwache," mzee alisema, machozi yanashuka kwenye kanzu. "Mwache akae. Wiki nzima nimembeba polisi, nikadhani huyu atakuwa mzito. Kumbe mwanangu ni mwepesi hivi."